Umeitwa kwenye kampuni ya ndege na una masaa 215: mafunzo yenyewe yako hivi

Swali limetoka kwa binti wa Mafinga, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo kapteni. Nimemaliza leseni ya biashara, nina reting (vibali vya nyongeza kwenye leseni) ya injini mbili na ya instrumenti, yani kurusha kwa vipimo bila kuona nje, masaa 215, karibu yote ya Cessna 172. Kuna kampuni ya safari za ndani yenye ndege kubwa za propela imeniita, naanza mwezi ujao. Video za Wamarekani zinasema masaa 1,500, wengine wanasema mtu anarudishwa nyumbani wiki ya pili tu, sijui nishike lipi. Nitarajie nini, watu wanafelia wapi, na ule mkataba wa kufungwa miaka mitatu mama anauliza nisaini au nisisaini?"

Marahaba mdogo wangu, kamwene na hapo Mafinga. Kuitwa na masaa 215 sio jambo dogo kwa hiyo hongera sana, na mama naye apewe hongera yake maana najua urubani unavyokula mali za watu huko Mufindi, miti inavunwa kabla haijakomaa mtoto akamalizie masaa.

Tuwamalize hao Wamarekani kwanza. Kule sheria yao ndo inasema hivyo, na ina sababu. Tarehe 12 Februari 2009 ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, ilikuwa Q400 ya propela, aina ileile ambayo Air Tanzania wanayo hapa kwetu, wakafa watu 50. Usukani ulitetemeka kumwonya kapteni kwamba mwendo umekwisha na mabawa yanakaribia kuacha kubeba, yeye akavuta badala ya kusukuma mbele. Bunge lao likabana, na kuanzia 2013 hata rubani msaidizi wa kampuni za abiria lazima awe na leseni ya juu kabisa ambayo kwa kawaida ni masaa 1,500, wanaotoka jeshini na kwenye vyuo fulani wanapunguziwa. Huku kwetu TCAA, mamlaka yetu ya usafiri wa anga, wanaenda na mfumo wa ICAO, shirika la anga la Umoja wa Mataifa, kiti cha kulia cha rubani msaidizi unakaa na leseni ya biashara na hizo reting zako ukishafaulu taipu reting, yani kibali cha kurusha aina hiyo ya ndege. Kwa hiyo masaa yako yanatosha kisheria, usijione umeingia kwa mlango wa nyuma. Ila elewa jambo moja: yule Mmarekani anaingia darasani ameshafundisha wanafunzi miaka miwili, kusikiliza redio huku anarusha huku anafikiria kinachofuata kwake ni kazi nyepesi, wewe bado unatumia nguvu, na spidi ya darasa haitapunguzwa kwa ajili yako.

Sasa nije kwenye lile ninalotaka ulishike kabla hujanunua hata begi. Kampuni haikuiti ikufundishe kurusha ndege. Wanachukulia kwamba unajua. Wanachofundisha ni kurusha ndege YAO, kwa kitabu CHAO, ukiwa na mtu mwingine pembeni ambaye pengine mmeonana nusu saa iliyopita, na nyie wawili mfanye mambo yaleyale kwa maneno yaleyale kama vile mmefanya pamoja miaka kumi. Ukilielewa hilo mapema nusu ya mateso inapungua, maana wengi ninaowaona wakihangaika mikono yao ni mizuri tu, shida ni kwamba wamezoea kuwa peke yao kwenye ndege na kila kitu kinaishia kichwani mwao.

Mpangilio wenyewe, kampuni na kampuni zinatofautiana kidogo lakini mifupa ni ileile. Unaanza na darasa la kampuni, hapo ni vitabu vya uendeshaji, masaa ya kazi na mapumziko, mizigo hatarishi, usalama, namna ya kufanya kazi na wenzako, na vifaa vya dharura. Hilo la mwisho watu walikuwa wanasinzia zamani. Siku hizi hawasinzii, sote tunaikumbuka Bukoba, 6 Novemba 2022, ndege ya propela ATR 42 imeingia ziwani na watu 43, waliotoka hai 24, na wavuvi walikuwa wa kwanza kufika. Utakapofundishwa mlango unafunguliwaje, jaketi linavaliwaje na linajazwa upepo ukiwa wapi, fanya kwa mikono yako mpaka uchoke, usiseme nimeona inatosha.

Kisha mifumo ya ndege, wiki mbili tatu hivi, mengi kwenye kompyuta na mtihani mwishoni, alama ya kupita iko juu, mara nyingi asilimia 75 kwenda mbele. Umeme, mafuta, haidroli, hewa, barafu, propela. Usisome kama unasomea fizikia ya sekondari. Soma kwa kujiuliza hiki kikifa mimi kokpiti naona taa gani, nabaki na nini, na chekilisti inanipeleka wapi. Kwa mfano ATR haina ile injini ndogo ya mkiani ya kutoa umeme ndege ikiwa imepaki, wao wanawasha injini ya kulia halafu propela yake inashikwa na breki isizunguke, umeme na hewa vinapatikana abiria wakiwa wanapanda mlango wa kushoto nyuma. Ukijua tu kwamba "ipo breki ya propela" hujajua kitu, mwalimu atakuuliza kwa nini ni ya kulia na sio ya kushoto, upepo ukivuma kutoka wapi unakuwa mwangalifu, na nani yuko karibu na ile propela kabla hujaiachia.

Barafu nayo uisome kwa heshima hata kama unasema Tanzania joto. Ukanda wetu nyuzi sifuri ziko kama futi 16,000, na ndege hizi zinakaa futi 17,000 mpaka 25,000, yani uko palepale kwenye mawingu mazito ya mvua yenye baridi ya kugandisha.

Baada ya hapo kuna kitu kinadharaulika sana, karatasi. Watakupa bango kubwa lenye picha ya kokpiti nzima, bandika ukutani, weka kiti mbele yake, na anza kupeleka mkono kila swichi kwa mpangilio wa kampuni, sisi tunaziita floo, huku unatamka kolauti, yale maneno ya kuambiana kokpiti, kwa sauti. Kwa sauti kweli, majirani wakishangaa waache washangae. Mkienda wawili wawili mtafute mwenzio jioni mkae viti viwili sambamba mpige kuanzia kuwasha mpaka kuzima. Simuleta inalipiwa kwa saa na ni pesa nyingi mno, ukiingia mle unatafuta swichi iko wapi umechoma muda wako na wa mwenzio, na mwalimu hana cha kukupa zaidi ya kukuonyesha swichi.

Simuleta zenyewe hapa nchini usizitegemee, jiandae kusafiri. Za Q400 zipo Addis Ababa, za ATR zipo Johannesburg na Toulouse kwenye kiwanda chenyewe. Zinafanya kazi usiku na mchana kwa hiyo usishangae ukipangiwa saa nane usiku. Kila kipindi ni masaa manne, mawili unarusha wewe mwenzio anafuatilia, mawili mnabadilishana, halafu kabla kuna brifingi ya saa moja au na nusu na baada kuna kuongelea mlichofanya, ukitoka hapo ni karibu masaa saba na kichwa kimeuma. Lala. Nimeona watoto wenye akili nzuri kabisa wanakesha wanasoma kati ya vipindi, kipindi cha tano wanaanza kusahau hata vitu walivyovijua siku ya kwanza, na mwalimu hajui kama ni usingizi au ni uwezo, anaandika anachokiona.

Mle ndani kitu cha kwanza kitakachokupiga ni uzito na spidi. 172 yako ilikuwa tani moja na kidogo, unakuja kutua na noti 65 (noti ni maili ya baharini kwa saa). ATR 72 ni tani 23 hivi, Q400 ni kama 29, na unakuja na noti 115 au 120 na zaidi. Ni kama mtu wa bodaboda kakabidhiwa semi yenye mzigo pale juu Kitonga, kona ni zilezile ila lazima uzifikirie kabla hujazifikia. Kwenye 172 ukichelewa kushusha flapu za mabawa unajirekebisha, huku ukichelewa sekunde thelathini ndege iko maili moja mbele ya akili yako.

Halafu injini inakufa. Hii nataka nikae nayo kidogo maana ndo mtihani wenyewe umesimama hapo. Mnakimbia ranwei, mwenzio anasema V1, unaondoa mkono kwenye leva za nguvu ya injini, uamuzi umeshapita mnaenda hewani mkitaka msitake, na hapohapo mwalimu anaua injini ya kushoto. Pua inakimbilia kushoto kwa nguvu ambayo hujawahi kuiona kwenye vijiinjini viwili vya chuoni, unakanyaga pedali ya kulia ya usukani wa mkiani mpaka goti linatetemeka, unainua pua taratibu, mwenzio anasema inapanda, unaomba gia (magurudumu) ipande. Basi. Baada ya hapo kwa muda HUFANYI KITU zaidi ya kurusha ndege. Propela ya injini iliyokufa mfumo wenyewe unaigeuza visu vyake vikae sambamba na upepo isiwe breki, mwenzio anahakikisha kweli imegeuka. Mnasubiri urefu wa kitabu, mara nyingi si chini ya futi 400, ndo mnaanza kuulizana injini gani imekufa. Na hapo ndo pa kwenda polepole kuliko pote: unashika leva bila kuivuta, unatamka ni ya injini namba ngapi, mwenzio anaangalia kwa macho yake, anasema sahihi, ndo unavuta.

Kwa nini nasisitiza. Tarehe 4 Februari 2015 Taipei, ATR 72 ya TransAsia imetoka tu kupaa, injini moja ikapoteza nguvu, propela ikajigeuza yenyewe vizuri kabisa, rubani akavuta leva ya injini nzima. Watu 43 walikufa kwenye ndege ambayo ilikuwa na injini moja safi inayotosha kuwarudisha. Mikono ya haraka ndo iliua. Kwa hiyo kama mwalimu wako atakwambia uko taratibu mno kwenye kutambua injini, mshukuru halafu baki palepale, ila akikwambia uko haraka mno, hilo lifanyie kazi usiku huohuo.

Mengine ya simuleta nayapita tu kwa sababu utayaona: kukatisha kupaa, moto, moshi kokpiti, kushuka haraka hewa ikipotea, kutua na injini moja, goaraundi (kuacha kutua na kupaa tena) na injini moja ambayo kwa wengi ndo inawatoa jasho kuliko yote, na kurudisha ndege mabawa yanapoacha kubeba, pale unakumbuka Buffalo, pua chini kwanza. Mwisho mtihani na mkaguzi. Mtihani ukiwa umefanya vipindi vyako vizuri hautakuwa na kitu kipya hata kimoja.

Ukirudi nyumbani wanakuwekea taipu kwenye leseni, kuna kutua mara kadhaa na ndege yenyewe ikiwa tupu bila abiria, halafu unaanza laini, yani safari za kweli zenye abiria, na kapteni mkufunzi, mwanzoni kunakuwa na rubani wa tatu kiti cha nyuma kwa usalama. Na hapa mdogo wangu ndo nyumbani kutakufundisha kuliko simuleta yoyote ya Ulaya. Chukua safari ya Dar kuja Songwe, kiwanja cha Mbeya. Kama kilomita 700, saa moja na nusu hivi, umetoka usawa wa bahari unakuja kutua zaidi ya futi 4,000, safu ya Mbeya kaskazini yako, Rungwe kule kusini mashariki karibu futi 9,700. Kiwanja kikiwa na joto la nyuzi 25 ndege inajisikia iko zaidi ya futi 6,500, hewa nyepesi, saa ya spidi inakuonyesha 120 lakini kiukweli unaenda zaidi ya 130. Sasa njia ya kushuka ya nyuzi tatu inataka spidi ya ardhini zidisha tano, 130 ni futi 650 kwa dakika, aliyezoea namba za Dar anashangaa kwa nini yuko juu ya njia kila siku. Breki zinapata joto zaidi, ranwei inakwisha haraka zaidi. Kiwanja cha Nduli hapo Iringa hivyohivyo, tena kuko juu zaidi ya Songwe.

Na hali ya hewa. Kuanzia Novemba mpaka Aprili asubuhi unaweza kukuta Songwe mawingu yamelalia bonde hujui ranwei iko wapi, huku Uyole watu wanaanika nguo. Kapteni mkufunzi atakuuliza mapema kabisa, mko bado juu ya Iringa: tukikosa kutua tunaenda wapi, mafuta yanatosha? Hapo uwe umeshapiga hesabu, mafuta ya kufika, ya kwenda kiwanja cha pili iwe Dodoma au kurudi Dar, na akiba ya mwisho ya dakika 30 ambayo haiguswi. Usisubiri uulizwe. Rubani msaidizi anayesema "kapteni tukizunguka zaidi ya dakika kumi na tano tunatakiwa tuondoke" kabla hajaulizwa, huyo, kapteni akifika mezani anamwandikia vizuri.

Umeuliza watu wanafelia wapi. Wachache wanafelia mitihani ya karatasi. Wengi zaidi wanakwama kwa sababu wamekuja hawajakariri floo na vitu vya kichwani, na nimeshasema hilo. Lakini kuna kukwama kwingine ambako hakuandikwi sana, nakuona hasa kwa vijana wetu wa huku Nyanda za Juu na kwa mabinti zaidi, nako ni kunyamaza. Tumelelewa vizuri, mkubwa hakatizwi, unamwamkia shikamoo, akikosea unamwachia. Hiyo heshima ibaki nayo, kwenye chumba cha brifingi mwamkie, mbebee hata makaratasi kama unapenda. Mlango wa kokpiti ukifungwa kazi yako kama anayefuatilia ni kusema. Futi 1,000 juu ya kiwanja mkiwa ndani ya mawingu ndege lazima iwe imetulia, spidi yake, flapu zake, gia chini, inashuka inavyotakiwa. Haijatulia unasema "haijatulia, goaraundi". Hujamkosea adabu. Spidi imeshuka unasema "spidi", asipojibu unasema tena, akikaa kimya mara ya pili unachukulia kwamba huenda amezimia au akili yake iko kwingine, na kitabu kinakuruhusu uchukue usukani. Utafundishwa hayo darasani na utaitikia ndio mwalimu, ila siku ya siku mdomo unakuwa mzito. Sikiliza sauti yako kwenye simuleta: kama unaanza na "samahani kapteni nilikuwa naona kama..." umeshapoteza futi mia. Neno moja, sauti ya kawaida, jambo lililopo. Makapteni wazuri wanakupima hapo makusudi, anaacha spidi ishuke noti tano sita aone utasema sekunde ya ngapi.

Na ikitokea umekutana na kapteni anayefoka ukimsahihisha, sema hivyohivyo, halafu baada ya safari ongea na mkuu wa mafunzo kwa utulivu na kwa maandishi. Usilibebe peke yako ukawa unaingia kazini tumbo linakata.

Laini ikiisha unafanyiwa ukaguzi wa safari za kawaida, unapita, unakuwa rubani msaidizi kamili. Halafu kila miezi sita unarudi simuleta, injini inakufa tena, miaka yote mpaka unastaafu. Kwa hiyo hizo nukuu zako za darasani ziandike vizuri kwenye daftari moja, utazihitaji.

Video za mtandaoni angalia za floo na za mifumo, ila ukikuta zinapingana na kitabu cha kampuni yako, kitabu kimeshinda, usiende kumwambia mwalimu "lakini jamaa wa Texas anafanya hivi".

Haya, mkataba. Mwambie mama kufungwa sio jambo la ajabu, taipu reting ni pesa ndefu na kampuni inaogopa ikulipie uondoke mwezi wa tatu. Miaka mitatu ni kawaida. Kinachotakiwa ni kusoma yaliyomo, tena na mwanasheria, Iringa mjini wapo, mlipeni. Aangalie deni linapungua kila mwezi unaofanya kazi au linabaki palepale mpaka siku ya mwisho, maana mtu kubakiza mwezi mmoja akadaiwa yote sio haki. Aangalie muda unaanza kuhesabiwa lini, siku ya kusaini au siku ya kumaliza laini, hapo kunaweza kuwa na miezi mingi katikati. Kampuni ikikuachisha yenyewe au ikifungwa, deni linakufa? Ukifeli simuleta unapewa vipindi vya ziada vingapi na nani analipia? Ukikosa cheti cha afya kwa ugonjwa, je? Mshahara wakati wa mafunzo upo au ni posho tu, na kule Addis au Toulouse chakula na kulala ni juu ya nani? Na cheti halisi cha leseni yako kikae kwako, mtu akitaka kukishika kama dhamana usikubali. Yakijibiwa kwa maandishi hayo, saini, na mama awepo kama shahidi.